Kugawa kiinitete hakutakupa Neema wawili

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mfugaji mdogo, niko wilaya ya Hai, Kilimanjaro, nina ng'ombe wawili wa maziwa na mtamba mmoja. Ng'ombe wangu mkubwa, Neema, ni chotara wa Friesian, ana miaka tisa na amezaa mara tano. Akiwa na ndama mchanga hunipa lita 22 hadi 24 kwa siku, wakati majirani wengi wanapata 8 au 10. Mwaka huu nimemhimilisha mara mbili na mara zote amerudi joto, naogopa uzazi wake unafika mwisho. Sasa kuna kijana amepita kijijini anasema kuna teknolojia ya kuchukua mimba changa ya ng'ombe, kuikata vipande viwili au vinne, kila kipande kikawa ndama, na wote wanatoka kama mama yao mtupu. Anataka amana ya shilingi laki tano ili Neema aandikishwe. Mtamba wangu wa miezi 14 ni binti yake Neema. Naomba kujua, jambo hili ni la kweli? Ndiyo mambo ya yule kondoo Dolly? Na ndama wa namna hiyo ni wazima, maziwa yao yananyweka? Mume wangu anasema ni kuchezea kazi ya Mungu."

Marahaba, mama. Nimekuelewa: una ng'ombe mmoja anayeendesha nyumba, umri unasogea, na unatafuta njia ya kuibakiza damu yake zizini kabla hajaondoka. Hofu hiyo ina msingi. Maneno ya kijana nayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanashawishi. Kukata kiinitete cha ng'ombe, yaani hiyo mimba changa ya siku chache, na kupata ndama wawili kumefanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uongo uko kwenye kipande kidogo cha mwisho, pale aliposema "wote wanatoka kama mama yao".

Kiinitete kinachokatwa ni mtoto wa Neema na wa dume aliyetoa mbegu. Nusu ya vinasaba vyake ni vya Neema, nusu ni vya dume, tena hiyo nusu ya Neema imechanganywa upya kama inavyochanganywa kila anapozaa. Ukikikata mara mbili unapata ndama wawili wanaofanana wao kwa wao. Na mama yao wanafanana kwa kiasi kilekile ambacho mtamba wako anafanana naye leo, basi. Wewe uko Hai, migomba unaijua: ukichukua chipukizi shinani ukalipanda kwingine, unapata mgomba uleule. Kijana anakuuzia kiinitete kana kwamba ni chipukizi la Neema, na sivyo kilivyo.

Kwa hiyo unachozidisha ni mnyama ambaye hata hajazaliwa. Hakuna anayejua kama atakamuliwa lita 24 au 9. Tena kama mbegu iliyotumika haikuchaguliwa jinsia, kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba umelipia madume wawili wanaofanana. Madume wenyewe watapendeza, lakini hutawakamua.

Sasa nikueleze inawezekanaje kitu kikatwe katikati na kisife, maana hapo ndipo utakapoona pia kwa nini "vipande vinne" ni maneno ya sokoni.

Yai likishaunganika na mbegu linakuwa seli moja. Seli hiyo inagawanyika kuwa mbili, kisha nne, kisha nane, bila kiinitete chenyewe kuongezeka ukubwa, kwa sababu bado kimefungwa ndani ya ganda laini linalong'aa. Katika siku hizo za mwanzo hakuna seli iliyopangiwa kuwa mguu au ini. Kila moja bado ina uwezo wa kuanzisha mnyama mzima. Mwaka 1891 Mjerumani Hans Driesch alitikisa viinitete vya urchini, mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba, vyenye seli mbili hadi seli zikaachana, na kila moja ikakua kuwa kiluwiluwi kamili, ila kidogo. Baadaye mwenzake Hans Spemann, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935, alikibana kiinitete cha salamanda, mnyama mdogo anayefanana na mjusi, kwa unywele wa mtoto mchanga, akaufunga taratibu hadi pande mbili zikatengana, akapata salamanda wawili. Alitumia unywele wa mtoto kwa sababu ni mwembamba na laini, hauchani.

Wanyama wanaonyonyesha walichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu viinitete vyao hukaa ndani ya mwili, na ukiliondoa ganda mapema mno seli zinatawanyika kwenye mrija wa uzazi. Mwaka 1979, Steen Willadsen, akifanya kazi Cambridge, alitenganisha seli mbili za kiinitete cha kondoo, akazifunika kila moja kwa tone la agari, aina ya utelezi mzito unaoganda, badala ya ganda lake, akazikuza kwa muda ndani ya mrija wa uzazi wa kondoo mwingine uliofungwa, kisha akazipandikiza. Wakazaliwa mapacha wa kufanana.

Kwa ng'ombe njia ilikuja kurahisishwa. Siku ya saba baada ya kupandwa, kiinitete kina seli mia moja hivi na kinaweza kuoshwa kutoka kwenye mfuko wa uzazi bila upasuaji. Kikiwa na ganda lake, upana wake haufiki robo ya milimita. Kwenye sahani ya kioo, mwenye macho mazuri ataona nukta tu. Chini ya hadubini anaona tufe lenye maji ndani, na upande mmoja wa ukuta wake kuna fundo la seli zilizosongamana. Fundo hilo ndilo litakalokuwa ndama. Seli za pembeni zitatengeneza sehemu kubwa ya kondo la nyuma. Mtaalamu anakigeuza kiinitete mpaka fundo lilale vizuri, anashusha wembe mdogo sana, na lazima apite katikati ya fundo. Akikosea kidogo, nusu moja inabaki na fundo lote na nyingine inabaki ukuta mtupu. Hiyo ya pili inaweza hata kuonekana hai kwa siku kadhaa, lakini haina ndama ndani yake. Baada ya kukatwa, nusu zote mbili hunywea na kuonekana zimeharibika. Zikiwa nzima, baada ya saa moja au mbili zinajikusanya na kuwa duara tena. Kwa hatua hii ganda si lazima, kwa sababu seli zimeshashikana zenyewe.

Ndama anayetokana na nusu anazaliwa na uzito wa kawaida, usihofu kuletewa kibeti. Kiinitete hujirekebisha ukubwa mapema, mimba ikiwa bado changa.

Kwa nini basi tusikate vinne, au vinane? Kwa sababu kiinitete kinafuata ratiba, hakisubiri idadi ya seli. Wakati wa kujaza maji na kugawana kazi ukifika, kinagawana kwa seli zilizopo. Ukikipunguza hadi robo, wakati huo unafika kikiwa na seli chache mno, karibu zote zinaangukia upande wa kondo la nyuma, na fundo la kutengeneza mnyama linakosa seli za kutosha. Watafiti wa Oregon, Marekani, waligawa kiinitete cha nyani wa rhesus chenye seli nane katika sehemu nne za seli mbilimbili. Akazaliwa mmoja, wakamwita Tetra, na habari zake zikatangazwa mwaka 2000. Kwa ng'ombe pia robo zimewahi kutoa ndama, lakini ni kwa nadra. Anayekuahidi wanne kwa kiinitete kimoja ama hajui, ama anajua na anakutania.

Tuje kwenye hesabu, maana mfugaji anaishi kwa hesabu. Ng'ombe mwenye afya akipewa homoni za kukomaza mayai mengi kwa mpigo, kwa wastani utapata viinitete vitano au sita vinavyofaa. Wastani huo unaficha mengi: wengine wanatoa kumi na tano, wengine hawatoi hata kimoja, na umri mkubwa hausaidii. Katika kazi nzuri iliyofanywa Marekani na Ulaya miaka ya 1980, viinitete vizima vilishika mimba kwa asilimia 60 hadi 70, na nusu kwa asilimia 50 hivi. Chukua sita. Ukivipandikiza vizima unatarajia mimba nne hivi. Ukivikata, una nusu 12, unatarajia sita. Umeongeza mimba mbili, vizuri. Lakini sasa umehitaji ng'ombe 12 wa kupokea badala ya sita, wote wawe wameingia joto siku moja na Neema au wamepishana kwa siku moja tu, wote wawe na afya, wote wale na kunywa kwa gharama yako, na nusu yao watabaki bila mimba. Mtu mwenye ng'ombe wawili na mtamba atawatoa wapi hao 12?

Usishawishike pia kuweka nusu mbili kwenye ng'ombe mmoja ili kupunguza gharama. Mapacha kwa ng'ombe ni shida: mimba kutoka, kuzaa kwa taabu, kondo la nyuma kukwama. Nafuu moja tu iliyopo ni kwamba nusu za kiinitete kimoja ni jinsia moja, kwa hiyo hutapata ile hali ya jike aliyekaa tumboni na dume akazaliwa tasa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kiinitete kizima kikiwa na ganda lake huoshwa mara nyingi kabla ya kupandikizwa, na ganda hilo huzuia vijidudu vingi visipite kwenda kwa ng'ombe mpokeaji. Ukishalikata, umefungua mlango. Zaidi ya hayo, nusu hazistahimili kugandishwa kwenye naitrojeni kama vizima. Ndiyo maana lile wazo zuri kuliko yote, la kupandikiza nusu moja leo na kugandisha pacha wake mpaka umwone wa kwanza anakamuliwa lita ngapi, limebaki zuri zaidi kwenye karatasi kuliko zizini. Siku hizi, badala ya kukata viinitete, maabara nyingi huvuna mayai moja kwa moja kutoka kwenye ovari kwa sindano inayoongozwa na picha ya mawimbi ya sauti, wakayarutubisha nje ya mwili. Brazili wamekwenda mbali sana kwa njia hiyo. Kazi ya kukata imebaki kwenye utafiti zaidi, pale mtu anapotaka wanyama wawili wenye vinasaba sawa ili mmoja apewe chakula hiki na mwingine kile, tofauti ikionekana ajue imetoka wapi. Kituo cha Ruakura, New Zealand, kilifanya utafiti wa aina hiyo zamani kwa kutumia mapacha wa kuzaliwa, kabla ya wembe huu kuwepo.

Umeuliza kuhusu Dolly. Hapana, ni mambo mawili tofauti. Dolly, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996, alitokana na seli ya kiwele cha kondoo mtu mzima. Kiini cha seli hiyo, ambamo vinasaba vinakaa, kiliingizwa kwenye yai lililoondolewa kiini chake. Hapo ndipo mnyama aliyekwisha kuonekana ananakiliwa. Ukitaka nakala ya Neema mwenyewe, ni njia hiyo, si ya wembe. Nayo si ya kuandikishiwa kijijini: mimba nyingi zinapotea, ndama wengine wanazaliwa wakubwa kupita kiasi au dhaifu, na gharama yake inashinda zizi lako zima. Hapa kwetu Afrika Mashariki imewahi kufanyika: ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, wakishirikiana na Roslin, taasisi ileile ya Dolly, walimpata fahali wa aina ya Boran aliyeitwa Tumaini. Lengo lao lilikuwa utafiti wa kinga dhidi ya nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o; maziwa hayakuwa kwenye hesabu.

Hata wanaotoka kiinitete kimoja hawafanani "kabisa". Mabaka meusi na meupe ya Friesian hayachorwi moja kwa moja na vinasaba. Seli za rangi zinasafiri juu ya ngozi ya kijusi, na zinapoishia hutegemea na bahati. Nimeona mapacha wa aina hiyo: mmoja ana nyota pana usoni, mwenzake ana mstari mwembamba uliokatika juu ya pua, na ukiwaangalia ubavuni unaona mabaka yamekaribia kulingana bila kulingana.

Maziwa sasa. Katika makundi mengi yaliyopimwa, urithi unaeleza kama robo hadi theluthi ya tofauti ya maziwa kati ya ng'ombe mmoja na mwingine. Iliyobaki ni majani, pumba, maji, kiwele kutunzwa, kupe kudhibitiwa, na mtu anayeamka kukamua kwa saa ileile. Lita 24 za Neema zina mkono wako ndani yake, mama. Mpe jirani wa lita 8 pacha wake kabisa na usishangae akikamua 11.

Afya ya ndama wa kiinitete kilichogawanywa ni ya kawaida, na maziwa yao ni maziwa. Hakuna kinasaba kilichoongezwa wala kuondolewa. Kwa mzee, mwambie kwamba mapacha wa kufanana, wa binadamu na wa ng'ombe, hutokana na kiinitete kimoja kilichogawanyika chenyewe tumboni, na huko Amerika kuna mnyama anaitwa aramadilo, yule mwenye mistari tisa, ambaye kwa kawaida kila uzao wake ni wanne wa kufanana kutoka yai moja. Kama ni vema binadamu afanye hivyo kwa mkono wake, hilo mtalizungumza nyumbani na kwa viongozi wenu wa dini. Mimi najibu la zizini.

Ningekuwa kwenye nafasi yako ningefanya nini? Ningeanza na mtamba. Tayari ana nusu ya vinasaba vya Neema, yuko hai, na unamwona. Akifikisha kilo 300 hivi, na usiangalie miezi peke yake, mhimilishe kwa mbegu iliyochaguliwa jinsia, ambayo hutoa majike takriban 90 kwa 100. Ni ghali kuliko ya kawaida na inashika kidogo chini, kwa hiyo inafaa zaidi kwa mtamba mwenye afya kuliko kwa ng'ombe mkongwe anayerudia joto. Neema mpe mbegu ya kawaida ya dume mzuri. Uliza dume huyo binti zake wamepimwa vipi, usiulize jina lake tu. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, si mbali na kwako, na unaweza kwenda au kumwagiza mhimilishaji wako akuulizie.

Kuhusu kurudia joto, miaka tisa na uzao wa tano si mwisho wa uzazi, na mara mbili bado si tatizo sugu. Tafuta tarehe ulizoandika. Kama alirudi joto baada ya siku 18 hadi 24, ama hakushika kabisa ama kiinitete kilikufa mapema sana, na jambo la kwanza kuchunguza ni muda: anayeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni ahimilishwe asubuhi inayofuata. Kama zilipita siku 35 au 40, huenda alishika kisha mimba ikaharibika, na hapo nataka daktari wa mifugo afike mwenyewe. Afike pia, bila kungoja mara ya tatu, ukiona uchafu wenye usaha au harufu, kama Neema aliwahi kutupa mimba, au kama joto lake limekuwa halitabiriki. Atamchunguza mfuko wa uzazi na ovari kwa mkono au kwa mashine ya picha, na atachukua damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela. Huo unaambukiza watu, kwa hiyo usishike kondo wala mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Mambo haya siwezi kuyajua kwa barua. Hata mtu wa viinitete, angekuwa wa kweli, asingemgusa Neema kwa homoni zake kabla ya uchunguzi huo, na angekueleza kwamba kumtia dawa na kumwosha kutamchelewesha kubeba mimba yake mwenyewe.

Laki tano usiitoe. Kijana akirudi, muulize viinitete vitakatiwa maabara ipi, nani atavikata na amesajiliwa kwa namba gani Baraza la Veterinari Tanzania, ng'ombe wa kupokea watatoka wapi, na nani atabeba hasara wasiposhika. Amana hiyohiyo itakutosha kumlipa daktari amchunguze Neema, kununua mrija wa mbegu ya majike kwa ajili ya mtamba, na kubaki na chenji ya madini ya kulamba, ambayo sikuona umeyataja popote kwenye barua yako.